Gari Lisilobeba Kitu

Kila aliyechungulia bandani aliuliza swali lile lile: linabeba magunia mangapi? Aliuliza jirani, akauliza muuza maziwa, akauliza mpaka mzee wa kanisa aliyekuja kumsalimia mama na kupotea akitafuta choo. Nikijibu kwamba halibebi gunia hata moja, walinitazama kwa huruma, kisha wakaja na la pili: basi ni teksi? Si teksi. La harusi? Wala si la harusi. Hapo maswali yaliwaishia, na mimi uvumilivu ulikuwa umeniisha zamani, nikainama chini ya boneti nikijifanya natafuta spana mpaka waondoke.

Nitaeleza mara moja tu, halafu nisiulizwe tena. Mimi ni fundi wa pampu za visima. Tangu nitoke chuo nimeuzunguka mkoa huu wa Simiyu nikifufua injini za dizeli zinazovuta maji. Zinakoroma, zinatoa moshi, zinafanya kazi. Kila injini niliyowahi kuigusa ilikuwa na watu wamepanga ndoo mbele yake, wananiangalia mikono. Nilitaka mara moja maishani nitengeneze mashine ambayo hakuna mtu anaisubiri. Nikanunua saluni ya Kijapani ya siku nyingi, gari dogo la kutembelea, bodi imechoka na injini imekufa, nikaazimia kuitia injini ya silinda sita yenye turbo kubwa, ile feni ya kuisukumia injini hewa, iwe na nguvu za farasi mara tatu ya zile ilizotoka nazo kiwandani. Kisha Jumapili moja asubuhi, watu wakiwa ibadani, niipeleke kwenye lami ya kwenda Lamadi, nikanyage mafuta mpaka mwisho, nirudi nyumbani ninywe chai. Sikutaka zaidi ya hapo.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliposikia habari za nguvu za farasi aliniomba nimgeuzie ziwe za ng'ombe.

"Farasi hatufugi hapa," alisema.

Nikakisia kichwani, nikamwambia ni zizi lake lote na la jirani yake juu. Akahesabu kwa vidole.

"Sasa ng'ombe wote hao wanakwenda kulima wapi?"

"Hawalimi, baba mdogo. Wanakimbia tu."

Aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo aliniona mtu aliyerogwa.

Ubaya ni kwamba banda halikuwa langu. Baba alilijenga nyuma ya nyumba yetu, hapa Bariadi mjini, kwa ajili ya pamba. Shamba la mama liko Sapiwi. Pamba ikishavunwa inaletwa nyumbani kwa mkokoteni wa baba mdogo, inarundikwa bandani, mama anaichambua uchafu huku akisubiri msimu wa ununuzi ufunguliwe. Ikishauzwa banda linabaki tupu, la panya na buibui, mpaka mavuno mengine. Nilimwomba mama nilitumie katika kipindi hicho cha utupu. Baba mdogo akapinga. Alisema mtu akishaingiza gari bovu bandani, banda limekwenda, na pamba italala nje inyeshewe.

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Gari likae humo mpaka mavuno. Siku mkokoteni wa kwanza wa pamba utakapoingia uani, gari liwe limeshatoka kwa injini yake lenyewe. Likishindwa, baba mdogo ampigie simu mnunuzi wa vyuma chakavu, yule anayetoka Mwanza na lori lake na mitungi ya gesi ya kukatia, alikate hapo hapo na kuondoka nalo. Baba mdogo akafurahi, maana namba ya huyo mtu alikuwa nayo tayari. Mimi nami nikakubali. Niliona mavuno yako mbali.

Hakuna kitu kinachofika haraka kama mavuno ya mtu anayesubiri vipuri. Gasketi iliyotoka Dar es Salaam ilifika kwa basi ikiwa imefungwa vizuri, ina karatasi zake, na ni ya injini nyingine kabisa. Nilipopiga simu, muuzaji aliniambia kwa upole niijaribu hivyo hivyo. Gasketi si kiatu, ndugu yangu, kwamba utaizoea ukitembea nayo! Nikairudisha, ikaja nyingine, ndiyo yenyewe, lakini konda aliiweka chini ya mtungi wa mafuta ya kula na imekunjika katikati. Nikaagiza ya tatu.

Kisha kulikuwa na fundi wa kuchomelea. Turbo inakaa kwenye bomba nene la ekzosi, na bomba hilo lilibidi litengenezwe upya kwa mkono, maana la kununua halikuingia. Huyu bwana ni fundi kweli, simnyimi sifa, ila kila nilipomhitaji alikuwa msibani. Kwetu msibani huendi ukarudi. Unakwenda unakaa, unachimba, unapika, unalala, unaanua tanga. Nami siwezi kumlaumu mtu kwa kuzika. Nilichoweza ni kumtazama anaporudi amechoka, macho mekundu, anawasha mashine, na umeme unakatika. Tulikaa wote wawili juu ya tairi tukiusubiri, yeye akisinzia, mimi nikiuma meno. Umeme uliporudi alichomelea bomba likavuja, akachomelea tena likavuja pengine.

Halafu vumbi. Kiangazi upepo wa huku unapita chini ya mlango, juu ya ukuta, kila mahali. Ukifuta kitu ukageuka kuchukua kingine, cha kwanza kimeshavaa vumbi. Nilikuwa nalala na vumbi hilo kichwani. Nilianza kumfokea kila mtu: mbuzi wa jirani, redio, kuku aliyetaga kwenye boksi la pistoni. Mama alikuwa akipita na ndoo yake ananitazama tu. Hakuwahi kuuliza gari linabeba nini. Nilidhani ni kwa sababu hajali.

Mvua zilipokaribia kwisha na pamba za watu zikaanza kufungua vitumba, nilikuwa nimefika mahali pazuri. Bloku ya injini ilikuwa juu ya meza, imeoshwa, inang'aa. Ndani ya bloku kuna vijia vyembamba vya oili vinavyokwenda kwenye krenki, ile nondo kubwa inayozungushwa na pistoni, na krenki inakalia vipande laini viitwavyo beringi. Oili ikikosekana hapo, beringi zinaungua na injini imekwisha. Kwa hiyo nilifungua vizibo vyote vya vijia hivyo, nikavisafisha kwa brashi, nikavimwagia oili vikae bila kutu. Zilibaki kazi za kufunga tu. Siku hiyo hiyo nikapigiwa simu kwamba pampu ya Lingeka imekufa, watu na ng'ombe hawana maji. Nikafunika bloku kwa turubai nikaenda.

Lingeka nilikaa kuliko nilivyotaka, maana na wenyewe walikuwa wanasubiri kipuri. Nilirudi nimekasirika tangu ndani ya basi. Kila shamba tulilopita lilikuwa limekwisha kuwa jeupe. Nilishuka, sikunywa hata maji, nikaingia bandani. Nikafungua turubai, nikarudisha vizibo vya vijia vya oili, nikavikaza, nikaweka krenki, pistoni, silinda hedi, turbo. Nilifanya kazi kwa kukimbizana. Fundi wa kuchomelea akaja, hakukuwa na msiba, umeme ukakubali kukaa, na bomba likaacha kuvuja. Niliona kama nchi nzima imeamua kunionea huruma.

Injini iliwaka mchana, jua likiwa kali, kuku wakiwa wamelala chini ya mpapai. Sauti ile sijui niieleze vipi. Mabati ya banda yalitetemeka. Nilimwona mama anatoka jikoni ameziba masikio kwa viganja, anacheka kwa nguvu mpaka mabega yanacheza, na mimi nikacheka. Geji ya oili ilisimama pale inapotakiwa. Nikakanyaga mafuta kidogo, turbo ikapiga mluzi wake, nikaona kabisa lami ya Lamadi mbele yangu. Nilikuwa na furaha ya kitoto na sioni haya kusema.

Kisha ikaanza kugonga. Mara ya kwanza nilidhani ni kitu cha nje, labda bati. Fundi wa kuchomelea akaacha kutabasamu. Nikazima haraka, lakini mtu aliyeishi na injini anaijua sauti hiyo. Beringi zilikuwa zimeungua, na geji bado ilikuwa imesema kila kitu ni kizuri.

Siku zilizofuata niligombana na kila niliyeweza kumlaumu. Nilimpigia muuzaji wa vipuri nikamwita tapeli. Nilimpigia aliyeniuzia oili nikamwambia ameniuzia uji. Fundi wa kuchomelea nilimwambia makombo ya chuma chake yameingia kwenye injini, akaniangalia, akafunga mashine yake kwenye pikipiki, akaondoka. Baba mdogo alikuja kunipa pole kwa sura ya mtu aliyeletewa zawadi. Alisema Sapiwi wameanza kuvuna, na kwamba mnunuzi wa chuma chakavu atakuwa Bariadi wiki hiyo hiyo kwa shughuli zake nyingine.

Nikaishusha injini tena ili angalau nijue. Nilikuwa nje, kwenye kivuli cha banda, bloku iko juu ya gunia, na mama ameketi mkekani hatua chache kutoka nilipo, anachagua choroko kwenye ungo. Beringi mbili zilikuwa zimeungua nyeusi, nyingine nzima. Kwa hiyo oili haikuwa mbaya. Oili ilikuwa haifiki. Nilifungua kizibo cha kijia kinacholisha beringi hizo mbili, nikaingiza waya, ukagota kwenye kitu laini. Nikaukunja ncha kama ndoano nikavuta.

Ilitoka pamba. Ilikuwa imesokotwa vizuri kwa vidole, ndefu, ngumu, imelowa oili mpaka ikawa na rangi ya chuma chenyewe. Ndiyo maana sikuiona.

Kwetu tundu ni kitu cha kuzibwa, na kizibo ni pamba. Chupa ya mafuta ya taa iliyopoteza kifuniko, pamba. Ufa wa dirisha, pamba. Sikio linalouma, pamba. Nyumba zisizolima pamba sijui zinaishije. Na hakuna mtu anayesokota kizibo kama mama, anakianzia kwenye kiganja, anakimalizia kwenye paja, kisha anakisindilia kwa kijiti mpaka kizame. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho nimekiona tangu sijajua kutembea, na sikuhitaji kuuliza nani.

Yeye ndiye aliyeuliza. Aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Kumbe hukuitoa?"

Niliinua waya, pamba ikining'inia kwenye ndoano.

"Ulipokwenda Lingeka panya waliingia chini ya lile turubai," alisema. "Nikaona matundu yako wazi, na vumbi lile. Nikasema mtoto amesafisha wiki nzima, litaingia lote. Nikaziba. Nilichagua ile nyeupe kabisa, iliyobaki ya kupeleka kwa wanunuzi kama sampuli, ikatosha tundu moja. Nilijua utaiona."

"Sikuiona, mayu."

"Ndiyo imeua?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya, kusema ni beringi mbovu za Dar. Lakini nilikuwa nimejaa hasira hadi kooni, nimeitafutia mtu wa kumshushia kwa siku nyingi, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yangu na choroko.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo imeua."

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye choroko, ila nilimwona anatupa choroko nzima pamoja na mawe. Mimi nikaingia bandani nikapiga teke tairi, nikapiga tena, nikaumia kidole. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na mtu wa kumpigia. Tapeli wa Dar nilimfokea kwa raha zangu. Huyu nitamfokea vipi? Ni mtu mmoja tu katika Bariadi nzima aliyegusa gari lile kwa kulihurumia, na huyo ndiye aliyeliua.

Keshokutwa yake mkokoteni uliingia uani asubuhi, umejaa mpaka juu, na baba mdogo akitembea mbele ya maksai.

"Mwangaluka," alitusalimia.

"Mwangaluka," mama akaitikia. "Mhola?"

"Mhola duhu. Yule mtu wa Mwanza nimeongea naye, anakuja saa nne. Tuanze kushusha nje, akishakata tutaingiza."

Mimi nilikuwa nimeshafungasha spana zangu. Nasema ukweli, kuna sehemu yangu iliyokuwa inataka lile lori lije. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kusema maisha yangu yote: ningemaliza, ila banda lilinyang'anywa, ningeendesha, ila baba mdogo. Hasira ya namna hiyo mtu anaweza kuishi nayo vizuri tu mpaka uzeeni.

Mama akasimama mlangoni mwa banda, mgongo kwa gari.

"Mpigie asije," alisema. "Pamba itakaa chumbani kwangu."

"Shemeji, tulikubaliana," baba mdogo akasema.

"Tulikubaliana."

"Sasa?"

"Sasa pamba ndiyo iliyokosa. Ihame yenyewe."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ana kifua, vumbi la pamba litamuua, chumba ni kidogo, pamba itafika darini. Nilimwambia gari lenyewe ni mzoga, krenki yenyewe sijui kama inasalimika, nitahitaji kuanza upya na sijui nitapata wapi nguvu. Nilisema kwa sauti kubwa, kama ninavyosema na watu wa vipuri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaniambia nikamate upande wa miguu wa kitanda. Mimi na baba mdogo tulikitoa, tukakipeleka sebuleni, tukakibana kati ya kabati la vyombo na mlango. Baba mdogo hakunitazama usoni kazi nzima. Sanduku la nguo la mama lilikwenda chini ya meza. Chumba chake kikajaa pamba mpaka dirisha likafunikwa, na alipofunga mlango ilibidi ausukume kwa bega.

Nilirudi bandani kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Muda niliokuwa nauomba mwaka mzima nilikuwa nao sasa, wote, na sikuweza kushika spana. Nilikaa juu ya tairi. Nilisikia anapiga chafya huko ndani, mara nyingi, akijifuta na kuendelea kupanga vyombo.

Baadaye alikuja. Tangu nianze kazi hakuwahi kulisogelea gari kwa karibu nikiwepo, alikuwa anapita tu na ndoo yake. Sasa alilizunguka polepole, akigusa bodi kwa ncha za vidole, akainama kwenye dirisha, akakinga macho kwa kiganja atazame ndani. Alitazama kwa muda.

"Mimi nitakaa wapi?" akauliza.

Ndani mlikuwa na kiti kimoja, cha dereva. Vingine vyote nilikuwa nimeving'oa mwanzoni kabisa ili gari liwe jepesi. Pembeni ya dereva palikuwa na bati tupu. Kichwani mwangu, katika Jumapili zote nilizoliendesha gari lile, sikuwahi kumweka mtu.

"Hapo," nikasema, nikamwonyesha bati.

Aliangalia, akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, akarudi ndani kwenye pamba yake.

Krenki nilijua itahitaji kupelekwa Mwanza kuchongwa, beringi ziagizwe, na fundi wa kuchomelea nimwombe radhi kwanza. Sikufanya lolote kati ya hayo siku ile. Nilinawa mikono nikaenda kwa kinyozi, ambaye nilikuwa nimempa kile kiti cha pembeni ya dereva awakalishie wateja wanaosubiri zamu, kumwomba anirudishie. Nilimkuta mzee mmoja amekikalia, amelala. Nikakaa chini kwenye kizingiti nikamsubiri aamke.